Zamu ya Ukoko

Hapana, panya hawakula. Nakujibu mapema kabla hujauliza, maana najua unakoelekea. Kila anayekaa kwenye kibaraza changu hapa Tandika, akishasikia kwamba mjukuu wangu alikuwa kwenye ile kambi iliyozingirwa, ataniamkia vizuri, ataniulizia goti, atanunua na muhogo wa kuzugia, halafu sauti inashuka: "Bibi, eti kweli walikula panya?" Hawakula. Panya wenyewe walihama. Mjukuu wangu anasema panya hangoji amri ya mtu, akiona ghala limekauka anachukua wanawe anashuka mlima. Waliobaki juu ni wanajeshi.

Kaa vizuri basi nikwambie walichokula, maana hapo ndo penye maneno.

Mie shule niliiona dirishani, nikipeleka vitumbua. Herufi hazikunitaka na mie sikuzibembeleza. Lakini sauti ya mtu ikipita hapa mara moja tu, nimeshaikamata. Mwarabu wetu wa duka la pembeni, ambaye hata babu yake kazaliwa hapahapa Temeke, nikimwigiza anavyovuta "karibu mamaa, unga umefika mamaa", wateja wanageuka kumtafuta yuko wapi. Mwenyekiti wa mtaa nikimwigiza anavyosafisha koo kabla hajasema uongo, mkewe mwenyewe anaitika. Nimeigizaga hata maiti. Tutafika huko.

Mjukuu wangu ni mtoto wa binti yangu. Binti kaolewa Mabibo, kaniachia mtoto, nikamkuza kwa hii mihogo. Akaingia jeshini akiwa mlegevu kama mlenda, akarudi mgongo umenyooka, hata kukohoa anakohoa kama kapewa amri. Siku moja akaja kuniaga, wanapelekwa nchi ya watu kulinda amani. Jina la nchi silitaji. Kwanza alinikataza, halafu hata asingenikataza, silijui kulitamka.

Kambi yao ilikuwa juu ya kilima. Wakaja watu wenye bunduki huko chini, wakakata barabara, wakaukalia uwanja wa ndege. Gari halipandi, ndege haitui. Mie niliposikia wamezingirwa nilidhani ni vita mchana kutwa, tatata, tatata. Kumbe siku nyingi hakuna hata risasi moja. Ni kungoja. Umekaa kwenye handaki, jua linakuchoma kisogo, mvua inakujaza viatu, na adui yako kule bondeni anachoma nyama, harufu inapanda mpaka puani kwako. Hapo ndo unapigwa kweli.

Simu ilikuwa inashika pembe moja tu ya kambi, nyuma ya magunia ya mchanga, na wale wa bondeni pembe hiyo walikuwa wanaijua. Ukitaka kuongea na nyumbani unalala kifudifudi, unatambaa kama kenge, unaongea shavu liko vumbini. Pale mahali wakapaita Kwa Mama. Mtu anamuaga mwenzake: "Naenda Kwa Mama," na mwenzake anamwambia, "Msalimie, inamisha kichwa."

Mara ya kwanza mjukuu kunipigia toka huko ilikuwa alasiri, nimetoka kuswali.

"Shikamoo bibi. Huku kwema kabisa. Leo tumekula pilau."

Mie nimezaa, nimezika, nimewauzia walevi mihogo. Uongo naujua kabla haujavaa viatu. Mtu aliyekula pilau ulimi wake unateleza. Wa kwake ulikuwa unagota kila neno, kama anaongea na gundi mdomoni. Nikamuuliza, hiyo pilau mliipika bila maji? Nikasikia mtu pembeni yake anacheka kwa puani, halafu simu ikahama mkono.

"Shikamoo bibi. Mimi ndo mpishi wa hiyo pilau."

Sauti nzito, ya polepole, sauti ya bara, kila neno analitua chini kama gunia. Nikamuuliza baba wewe mtu wa wapi. Akasema Mnyamwezi wa Tabola, ila mama yake yuko hapahapa Dar, Kiwalani, anauza dagaa. Nikamwambia basi umekwisha, mie Mzaramo.

Nikadhani mtandao umekata.

"Mzalamo?" akasema. "Kwa hiyo hiyo shikamoo nimeitupa bule."

Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Maana kwa asiyejua, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani toka enzi za mababu, wao walipokuwa wanashuka pwani na mizigo kichwani na sie tunawapokea kwa maneno ya shombo. Mtani anakutukana usoni na hukasiriki. Anaingia jikoni kwako anafunua chungu. Na ukifa, anakuja msibani anakuigiza mbele ya jeneza lako, anazuia njia usizikwe, mpaka ndugu zako wamkomboe hata kwa kuku. Vijana wa sasa wakiona wanasema uhuni. Ni kazi ile, tena ngumu.

Basi toka siku hiyo ikawa mazoea. Betri wanaijaza kwa kibao cha jua, siku jua likiwa zuri wananipigia alasiri. Mjukuu anaanza: tuko salama bibi, tuombee. Akishamaliza kudanganya, mtani anachukua simu ananiambia ukweli, ila anaupitisha kwenye matusi ili uingie.

"Bibi Mzalamo, umeamka? Jua linazama huku."

"Niamke nifanye nini, wa kunibebea mizigo si uko huko mlimani?"

"Leo nimepika mahalage. Machache mpaka kila punje nimeipa jina. Mjukuu wako kakataa kula moja, kasema linafanana na wewe."

Hivyo ndo nilivyojua chakula kinakwisha. Maji vilevile. Mvua ikinyesha wanatandika turubai, wanayakinga, na siku isiponyesha wanagawana kwa kifuniko cha chupa. Kifuniko. Mtani akasema mkubwa wao anasimamia mwenyewe, na yeye ndo anakunywa wa mwisho, na siku nyingine kifuniko kinamfikia kikavu anakilamba tu, anakirudisha, anasema asanteni. Akaniigizia hata hilo lamba. Mie nimekaa hapa na ndoo zangu mbili zimejaa, nikaziangalia ndoo kama sijawahi kuziona.

Na bado kila asubuhi walikuwa wanakaguliwa ndevu. Hilo lilinichoma. Nikamwambia huyo mkubwa wenu ana wazimu, mtu hana maji ya kumeza, anyolee nini? Mtani akaacha masihara kidogo. Akasema wananyoa kavu, wembe unapita watu kadhaa, wanatoka damu, na waliougua malaria wananyolewa wamelala. "Lakini bibi, siku tukiacha kunyoa, siku hiyo tumeshashuka mlima mikono juu." Nimelifikiria hilo neno nikimenya mihogo, nikikaanga, nikilala. Kumbe mtu anaweza kushikilia kilima kizima kwa kidevu chake.

Kupika kwenyewe kulikuwa ni vita. Moshi ukionekana, bomu linakuja kula na nyie. Kwa hiyo mtani alichimba shimo refu, akaufunika moshi kwa magunia yaliyolowa mkojo wao, samahani lakini maji yangetoka wapi, ukawa unatoka mbali kidogokidogo kama pumzi. Anapika kabla hakujapambazuka. Halafu kuna lindo la mbele, askari wachache wamejichimbia karibu kabisa na wale wa bondeni, kufika huko ni uwanja mtupu, majani tu. Nao lazima wale. Mtani alikuwa analifunga sufuria mgongoni kwa shuka, mbeleko kabisa kama mtoto mchanga, analala chini anatambaa nalo. Nilimwambia ona sasa, babu yako alibeba pembe kwa kichwa, wewe unabeba ugali kwa mgongo, ukoo wenu hautapumzika. Akasema, "Na nyie Wazalamo mnapokea mmelala. Hakuna kilichobadilika."

Sasa ukoko. Ugali ukiwa mdogo, ukoko wake ni mali. Wakapanga zamu. Aliyefanya kazi mbaya kuliko wote, kachimba choo, kamlaza mgonjwa anayeharisha, kakaa lindo la mbele mvua ikimnyeshea, huyo siku hiyo ndo anapewa ukoko, na wenzake wanamwangalia anavyoukwangua kama wanaangalia mpira. Watu wazima, wana wake, wana watoto, wanalala na bunduki kifuani wanaota ukoko. Mjukuu wangu, ambaye hapa nyumbani ukoko alikuwa anampa kuku, aliniambia siku aliyopata zamu alilia. Siyo kwa njaa, bibi, akasema. Nililia kwa sababu walinipigia makofi kimyakimya, kwa vidole.

Na mie nikamgundua mwizi. Siku moja mtani anaongea nami, nikasikia kitu: kru, kru, kru.

"Wewe. Unatafuna nini?"

Kru ikasimama. "Natafuna meno, bibi."

"Meno gani yanalia hivyo?"

"Ya kinyamwezi."

Nikajua. Mpishi mwenyewe anakwangua pembeni kabla hajagawa. Sikumsema kwa mjukuu, ilikuwa siri yangu na mtani. Ila kila akipiga namuuliza, leo umeyatafuna? Ananiambia, kidogo tu bibi, moja la mwisho huku nyuma.

Ikafika kipindi wamechoka hata kutukanana. Unaisikia kwenye simu, pumzi inakuwa kubwa kuliko maneno. Mtani akaniomba, bibi, waigizie watu wa nyumbani. Akaweka sauti kubwa, akaitupa simu katikati yao. Nikawashushia mtaa mzima. Mwarabu na "mamaa" yake. Mwenyekiti na koo lake. Yule mpangaji wangu, anafanya kazi kiwandani Mikocheni halafu anaongea kama ndo mwenye kiwanda. Muuza maji anavyopita. Kina mama wa kigodoro, ile ngoma ya mkesha ya mtaani, wakigombea kipaza sauti. Nikasikia kitu kama mbuzi wengi wanakabwa. Nikauliza kuna nini? Mjukuu akaninong'oneza wamejaza kofia midomoni, bibi, wakicheka kwa sauti wale wa chini watajua tumejaa kwenye hii pembe.

Halafu wote wakanyamaza ghafla. Kumbe mkubwa wao kafika, katambaa mwenyewe kuja kuangalia kuna nini. Nikasema leo nimewaponza watoto wa watu. Nikasikia sauti kavu, ya mtu aliyekunywa wa mwisho:

"Huyo bibi apigiwe tena kesho."

Mie ambaye sijui kuandika hata jina langu, nikawa nimeandikwa kazi jeshini. Nilikaa kwenye jiko mafuta yakaungua. Nimeigiza watu maisha yangu yote nikiitwa mmbea, sikujua kuna mahali duniani kicheko kinagawiwa kama maji.

Siku za mwisho wa mambo, wakati hata hapa wanasema kwenye redio kwamba njia inataka kufunguliwa, simu ikapigwa asubuhi. Siyo saa yetu. Mjukuu hakuniamkia. Nikasikia pumzi, na nyuma ya pumzi hakuna anayecheka kwa puani. Akasema, "Bibi, mtani wako." Basi. Mbeleko ilikuwa mgongoni, bomu likaangukia majanini.

Njia ikafunguliwa, wakarudi kwa ndege moja, wenye uhai wamekaa, yeye amelala. Mjukuu akaja kwangu kabla ya mazishi, akaoga kwa kikombe kimoja cha maji wakati ndoo imejaa. Nikimuuliza ananijibu "ndiyo bibi", "hapana bibi", mgongo umenyooka kupita kiasi. Nikampikia ugali, akaukwangua ukoko, akauweka kwenye sahani peke yake, akatoka nje.

Sasa msiba, Kiwalani.

Nyumba ndogo, uchochoro mwembamba, magari ya jeshi yameishia barabarani. Jeneza limeletwa limefungwa kabisa, lina bendera juu, na amri ni kwamba halifunguliwi. Mtu mzima unajua maana yake. Mama wa marehemu ni mwanamke mfupi, mkavu, kakaa chini pembeni ya jeneza, kiganja chake kimelala juu ya ubao, hajalia toka asubuhi.

Mie nilikuwa nyuma ya choo, najiandaa kazi yangu. Nilimuahidi mtani kwenye simu, nikasema wewe ukifa kabla yangu nitakuaibisha mpaka ufufuke unikimbie, na yeye akasema njoo, ila ulete kiti, maana Wazalamo hamuwezi kusimama. Ahadi ya utani ni deni kuliko deni. Nimejipaka majivu usoni. Nimevaa viatu, cha kulia kushoto. Sufuria langu nimelifunga mgongoni kwa mbeleko. Na kwenye pindo la kanga nina kipande cha ukoko nilichokwangua alfajiri. Nasikia yote kupitia dirishani.

Akasimama afande mmoja, si yule wa kilimani, mwingine, mzuri tu, mstaarabu: "Marehemu alikuwa askari shupavu, mtiifu, mwenye nidhamu ya hali ya juu." Ndege ikapita juu ya bati, huko Kiwalani ndege zinapita kama kuku, kila mtu akangoja. Ikaisha. Akasimama mchungaji na sauti ya asali: "Mpendwa wetu alikuwa mpoole, mnyenyekeevu, asiye na makuu." Ndege nyingine. Kisha askari sita wakaja kunyanyua. Mama hakuondoa mkono.

Wakamwambia mama, muda. Akasema, hapana.

"Huyo mnayemsema simjui," alisema, polepole, kila neno analitua chini. Nikashtuka, ni sauti ileile, imevaa kanga. "Wangu hakuwa mtiifu. Wangu hakuwa mpole hata siku moja. Mmechanganya. Humu mna mtoto wa mwanamke mwingine, na huko aliko anamngoja. Mpelekeni kwao."

Afande akapiga goti kabisa, na nguo zake zile, akasema mama nakuapia ni yeye. Mama akasema basi fungua. Afande akainamisha kichwa. Mama akasema, basi hazikwi mtu hapa.

Na hakuwa anatania wala hakuwa amerukwa. Alikuwa anataka kitu kimoja, ajue anamzika mwanawe. Asipomjua leo, atakaa mlangoni miaka yote iliyobaki anasikiliza viatu vya wapita njia. Kina mama wote pale tulilijua hilo.

Akamgeukia mjukuu wangu, kasimama ukutani na kombati yake. Akamwambia, "Wewe ulikuwa naye. Niambie alivyokuwa."

Mjukuu akabana visigino. "Alikuwa askari shupavu, mama."

Mama akamtazama kama mtu aliyeomba maji akapewa kikombe kitupu. Akageuza uso.

Mguu wangu ukasita, sikufichi. Mwanamke kamkataa afande, kamkataa mchungaji, atamtaka kikongwe mwenye majivu? Lakini jeneza likishaondoka utani hauna pa kusimama. Nikalala chini. Ndiyo, kwa umri huu. Nikaingia sebuleni natambaa kwa tumbo, sufuria linagonga mgongoni, ngo, ngo, ngo. Hili goti mnaloniulizia kila siku, ndo siku hiyo lilipoharibika.

Wakapiga kelele. Kijana mmoja wa jeshi akanishika bega, mama toka, hizi ni heshima za mwisho. Mzee mmoja wa ukoo wao, kakaa kwenye mkeka, akasema bila kunyanyuka: "Mwache. Huyo mtani. Nyie mna bunduki, yeye ana haki." Kijana akaniachia kama kashika kaa la moto.

Nikafika mpaka kwenye jeneza. Nikaligonga. Nikamwambia, amka wewe mbebaji, mizigo inakungoja, umelala mchana kama Mzaramo. Watu wakaguna. Mama hakusogea. Nikavua kiatu, nikakiweka sikioni kikawa simu, nikalaza shavu sakafuni kama walivyokuwa wanalala Kwa Mama. Halafu nikamtoa. Sijui niseme vipi. Siku nyingine kuigiza ni koo tu. Siku ile alipanda mwenyewe, toka tumboni, na uzito wake na upole wake:

"Bibi Mzalamo, umeamka? Jua linazama huku."

Nikasikia mtu anavuta pumzi. Nikaendelea. Nikayaigiza maharage yenye majina. Nikamwigiza anavyocheka kwa puani. Nikaigiza wembe mkavu, na kifuniko cha chupa kinavyozunguka, na yeye anavyojifanya amekunywa nusu kumbe kamaliza. Wale askari wa kilimani, walikuwa pale kadhaa wamesimama kama miti, nikaona mmoja anapeleka kofia mdomoni, anaingata. Na mwingine. Nikatoa ukoko kwenye pindo, nikaung'ata. Nyumba nzima kimya, hata ndege hakuna.

Kru, kru, kru.

"Unatafuna nini wewe?" Hiyo sauti yangu.

"Natafuna meno, bibi."

Mkono wa mama ukaondoka kwenye ubao. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza, kwenye majivu yangu.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Kru, kru. Natafuna meno. Na hapo, ukutani, mtu akasema:

"Sivyo, bibi."

Mjukuu wangu. Mgongo ulikuwa umekatika, kainama, mikono magotini, sauti inamtoka vipandevipande.

"Alikuwa anaziba na kofia. Hivi. Anadhani hatusikii." Akaja mpaka katikati, akapiga magoti kando yangu, akavua kofia yake akaziba mdomo kuonyesha, na huku analia na anacheka, sijui kipi kilikuwa kipi. Akasema walikuwa wanasikia wote, kila siku, na hakuna aliyemsema, kwa sababu ndiye anayetambaa. Kisha akamgeukia mama.

"Asubuhi ile zamu ilikuwa yangu, mama. Nilikesha lindo, mvua yote ilikuwa yangu. Kaniambia, ndugu yangu, leo wako mkubwa, nimekuwekea. Akaenda mbele na sufuria. Mie nikafunua nilipowekewa, hakuna kitu." Akanyoosha viganja. "Tulipomfikia, mie ndo niliyemgeuza. Mie mwenyewe, kwa mikono hii. Mfukoni mwa gwanda mlikuwa na ukoko. Wangu. Kaung'ata upande."

Afande alikuwa kavua kofia na hajui aiweke wapi. Mama alinyoosha mkono, akauokota mkononi mwangu ule ukoko uliobaki, akautazama, akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Akasimama, akajikung'uta vumbi, akasogea pembeni kuwapisha wale sita.

"Ndo yeye," akasema. "Mzikeni."